Tupeane uzoefu: Unapoiuzia kampuni, mpango hukwama wapi?

Wakuu, uzi huu ni wa wanaouzia kampuni na taasisi. Kotesheni (karatasi ya bei) imetumwa, umeambiwa "nzuri, tutakujulisha", kisha kimya wiki sita. Inakwama wapi, na inakwamuliwaje? Visa binafsi tuviache, leteni mbinu.

Mzee wa Kotesheni
Tatizo la kwanza ni kudhani mteja ni mtu mmoja. Watafiti wa masoko Webster na Wind walishaandika mwaka 1972 kwamba ununuzi wa kampuni una nafasi tano: anayetumia, anayeshawishi, anayenunua, anayeamua, na anayechuja taarifa zinazoingia. Unayeongea naye kwenye simu mara nyingi ni mtumiaji: kitu kakipenda, saini hana. Usimuulize "nani anaamua?", maana atajibu "mimi" ili asionekane mdogo. Uliza: "Mara ya mwisho mliponunua kitu kama hiki, karatasi zilipita kwa nani na nani?"

Bi Zabuni
Ukikuta sifa za kiufundi kwenye zabuni zinafanana neno kwa neno na bidhaa ya mpinzani wako, umeshachelewa. Kuna aliyefika wakati mnunuzi bado anahangaika na tatizo. Wakati huo usipeleke bei, peleka jedwali la kukokotoa: saa ambazo mashine imesimama kwa mwezi, mara gharama ya saa moja. Namba ajaze mwenyewe. Aliyoipata kwa mkono wake ataitetea kwenye bajeti. Kwa taasisi za umma, zabuni ikishatangazwa acha mazungumzo ya pembeni. Maswali yaende kwa maandishi, kwa njia iliyotajwa kwenye nyaraka.

Stoo Kuu
Na kama wana muuzaji wao wa siku zote, punguzo pekee halitoshi. Kumbadilisha ni kusajili mpya, kupima sampuli, na kubeba lawama mambo yakiharibika. Omba bidhaa moja tu, ile ambayo huyo wa zamani huichelewesha.

Mhasibu Mnoko
Mnasahau upande wetu. Tunalinganisha karatasi tatu: agizo la ununuzi, hati ya kupokelea mali, na ankara. Agizo likisema "katoni 40" na ankara "pisi 480", malipo yanasimama hata kama mzigo ni uleule. "Siku 30" nayo ianze lini, tarehe ya ankara au siku mali ilipopokelewa? Iandikwe. Halafu kuna hii ya kotesheni yenye uhai wa siku 14 kwa kampuni ambayo kamati yake hukaa mara moja kwa mwezi. Inakufa kabla haijasomwa.

Mzee wa Kotesheni
Hapo kwenye kamati ndipo penyewe. Atakayekutetea mle ndani ni mwenyeji wako, yule mtu wa kampuni unayeongea naye, na brosha ya kurasa 20 haimsaidii. Mwandalie rasimu ya dokezo, ukurasa mmoja, faili analoweza kulihariri, bila nembo yako. Iwe na tatizo, gharama ya kuendelea hivihivi, gharama zote za miaka mitatu pamoja na mafunzo na matengenezo, na namna ya kujitoa mambo yakienda kombo. "Tuache kwanza" weka kama chaguo kamili. Mara nyingi huyo ndiye mpinzani wako, siyo kampuni jirani.

Bi Zabuni
Na ile meseji ya "nafuatilia tu" ifutwe. Hesabu kurudi nyuma kuanzia siku wanayotaka kuanza kutumia, kisha uliza kitu kimoja: "Kamati inakaa tarehe 12. Watu wa TEHAMA wamesharudisha fomu ya usalama?"