Mjadala: Rekodi ya homurani za maisha ni 762, 755 au 868?

Mleta mada
Wakuu, hili tuliweke mezani maana kila msimu linarudi. Orodha ya Ligi Kuu ya Marekani (MLB) inasema Barry Bonds 762, Hank Aaron 755, Babe Ruth 714, Albert Pujols 703. Japani wanasema Sadaharu Oh 868. Halafu Cooperstown, kwenye jumba la heshima la besiboli, bamba la Josh Gibson linasema alipiga karibu 800. Kwa mgeni: homurani ni mpira uliopigwa ukavuka uzio wa uwanja ndani ya mistari miwili ya pembeni, mpigaji akazunguka besi zote nne bila bughudha. Hoja: rekodi ni ya nani, na ya Bonds ihesabiwe au isihesabiwe? Leteni namba na sababu. Matusi yapelekeni kwenye uzi wa Simba na Yanga.

Kona ya Tatu
Ya Bonds isihesabiwe, maana anatuhumiwa kutumia dawa za misuli. Mpaka mwisho wa 1999 alikuwa na homurani 445 katika misimu 14, na msimu wake bora kabisa ulikuwa 46 (1993). Mwaka 2000 alitimiza miaka 36, umri ambao wapigaji wengi wameshaanza kuporomoka. Yeye ndiyo kwanza akapanda: 49, 73, 46, 45, 45. Kuanzia hapo hadi 2007 alipiga 317.

Watu husema dawa za misuli hazimfundishi mtu kuuona mpira. Kweli, lakini mchezo huu unaamuliwa na mita mbili tatu. Mpira unaotoka kwenye gongo kwa kilomita 158 kwa saa, ukiinuka kwa nyuzi kati ya 26 na 30, ndio hasa unaovuka uzio. Kila kilomita 1.6 kwa saa ya ziada huongeza kama mita moja na nusu ya masafa. Kwa hiyo mpira uliokuwa udakwe mguuni mwa ukuta unaangukia jukwaani. Tena dawa hizo huharakisha mwili kupona, na ligi hii ina mechi 162 kwa msimu. Mtu wa miaka 37 anayeamka Agosti na miguu ya Aprili ana faida ambayo Aaron hakuwa nayo.

Bi Hesabu
Mkuu Kona, umetaja kasi ya mpira, hujataja sheria. Kamishna Fay Vincent alitoa waraka wa kukataza dawa hizo 1991, lakini upimaji ulihitaji ridhaa ya chama cha wachezaji na haukuwepo. Vipimo vya kwanza vilikuwa 2003, bila majina wala adhabu. Zaidi ya asilimia 5 ya sampuli zilikutwa na dawa, ndipo upimaji wa lazima ukaanza 2004, na kusimamishwa kucheza kukaja 2005. Msimu wa 73 ulikuwa 2001.

Kuhusu mahakama: kesi ya Bonds ilitokana na uchunguzi wa BALCO, maabara iliyowasambazia wanamichezo dawa hizo. Mwaka 2011 alitiwa hatiani kwa kosa moja tu, kuzuia haki, na 2015 mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu hiyo. Ripoti ya Mitchell ya Desemba 2007, uchunguzi wa dawa ulioagizwa na ligi, nayo ilitaja warushaji pia (wanaomtupia mpigaji mpira), si wapigaji peke yao. Yaani kuna homurani alizozipiga kutoka kwa warushaji waliokuwa kwenye mkumbo huohuo. Hizo utazifanyaje?

Halafu kuna ugumu wa kikarani. Homurani haikai peke yake kwenye daftari. Ukiifuta, unafuta alama iliyoingia, alama za waliokuwa kwenye besi, wastani wa mrushaji, na pengine matokeo ya mechi. Hakuna karani anayeweza kufuta tarakimu moja akaacha nyingine zikiwa safi. Ndiyo maana MLB haijaondoa hata moja.

Gongo Zito
Na msisahau kwamba huyo mnayemshusha walikuwa wanamkimbia. Mrushaji akitupa mipira minne nje ya eneo la kupigika, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure. Mwaka 2004 Bonds alipewa besi za bure 232, kati ya hizo 120 makusudi kabisa. Zilizobaki zikawa zamu rasmi 373 za kupiga, na bado akatoa homurani 45. Uwanja wake wa San Francisco ulikuwa na kona ya kulia-kati yenye mita 128, jehanamu kwa mpigaji wa mkono wa kushoto kama yeye.

Kona ya Tatu
Hizo besi za bure zinathibitisha hoja yangu, mkuu. Aliogopwa kiasi hicho akiwa na miaka 40. Jiulize kwa nini.

Mzee wa Uzio
Vijana, mnabishana juu ya mmoja mkidhani waliobaki walipimwa kwa kipimo kimoja. Hawakupimwa.

Ruth kwanza. Misimu ya 1920 hadi 1922 alichezea nyumbani Polo Grounds, ambako mstari wa kulia ulikuwa na mita 79 hivi kutoka alipo mpigaji mpaka ukutani. Yeye alipiga kwa kushoto, na mpigaji wa kushoto hupeleka mipira yake mingi upande huo. Mwaka 1923 akahamia Yankee Stadium, mstari wa kulia mita 90. Leo kanuni inataka uwanja wowote uliojengwa baada ya Juni 1958 uwe na angalau mita 99 pembeni. Tena hadi karibu 1930 mpira uliodunda chini kisha ukaruka uzio ulihesabiwa homurani, leo mpigaji anaishia besi ya pili.

Lakini kanuni za zamani zilimnyonga pia. Mpira uliovuka uzio ndani ya mistari kisha ukapinda nje angani, mwamuzi aliweza kuukataa kwa kufuata ulikoangukia. Na kabla ya 1920, ukipiga homurani ya kumaliza mechi, ulipewa besi zinazotosha kumwingiza mfungaji wa ushindi tu. Julai 1918 Ruth alipiga moja ya namna hiyo akaandikiwa besi tatu. Miaka ya 1960 kamati ya kumbukumbu ilikubali kuirekebisha awe na 715, kisha ikajirudi. Kwa hiyo hata 714 ni uamuzi wa kamati.

Na la mwisho kwake: hakuwahi kukutana na mrushaji mweusi kwenye mechi ya ligi. Mlango ulifunguliwa 15 Aprili 1947 na Jackie Robinson, Ruth akiwa ameshastaafu miaka 12. Mechi za usiku nazo zilianza 24 Mei 1935, siku chache tu kabla hajaacha. Alipiga karibu kila kitu juani.

Msomi wa Tokyo
Nashukuru mzee kwa kuleta mita, maana kila akitajwa Oh mtu hukimbilia kusema viwanja vya Japani vilikuwa vidogo. Korakuen, uwanja wa timu yake ya Yomiuri Giants, ulitangazwa mita 90 pembeni. Ni sawasawa na mstari wa kulia wa Yankee Stadium tunaousujudia.

Oh alianza vibaya: homurani 7 mwaka 1959, 17 mwaka 1960, 13 mwaka 1961. Tatizo lilikuwa muda. Mikono ilichelewa kwa sababu alikuwa na kale kamtikisiko ka kurudisha gongo nyuma kabla ya kulipeleka mbele. Kocha Hiroshi Arakawa akamwinua mguu wa kulia, goti mpaka usawa wa kiuno, mwili wote ukasimama juu ya mguu wa kushoto. Ukisimama hivyo huwezi kutikisika ovyo, utaanguka. Uzito unabaki nyuma, na mguu unapotua ndipo nyonga zinafunguka na gongo linafuata. Mazoezi yalikuwa ya upanga: karatasi inaning'inizwa darini, unaikata kwa upanga mkali. Makali yakitoka kwenye mstari hata kidogo, kifundo cha mkono kikipinda mapema, karatasi inapepea pembeni bila kukatika. Mwaka 1962 akapiga 38, akaongoza ligi yake kwa homurani misimu 13 mfululizo.

Ligi yake ilikuwa na mechi 130 hadi 140 kwa msimu, si 162. Gawanya zamu rasmi 9,250 kwa 868: homurani moja kila zamu 10.7. Ruth 11.8, Bonds 12.9, Aaron 16.4.

Gongo Zito
Msomi, na gongo lake je? Alitumia magongo ya mbao iliyobanwa na kutiwa gundi ngumu, ambayo MLB hayaruhusiwi na Japani yenyewe iliyapiga marufuku 1981, mwaka mmoja tu baada ya yeye kustaafu. Na warushaji wa Japani wa miaka ya 60 hawakuwa na kina cha wale waliomkabili Aaron: Gibson (Bob, si Josh), Koufax, Drysdale, Marichal.

Msomi wa Tokyo
Gongo lilikuwa halali siku zake, kila mpigaji wa ligi ile aliweza kulinunua, na wenzake hawakufika 868. La warushaji nakubali. Ndiyo maana sisemi 868 iwe juu ya 762 kwenye orodha ya Marekani. Nasema anayeandika "rekodi ya dunia" bila Oh anadanganya. Aaron mwenyewe hakumdharau, walianzisha pamoja tamasha la besiboli la watoto wa dunia mwaka 1990.

Dada wa Jalada
Josh Gibson mmemtaja kwenye utangulizi mkamtupa. Desemba 2020 MLB ilizitambua ligi saba za Weusi za 1920 hadi 1948 kuwa ligi kuu, na Mei 2024 takwimu zikaingizwa rasmi. Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga wa maisha (sehemu ya zamu rasmi ambazo mpigo halali ulimfikisha kwenye besi) kwa .372, akimpita Ty Cobb. Homurani zake zilizoingia hazifiki 200.

Hiyo 800 na hii ya chini ya 200 hazipingani. Ligi zile zilipanga mechi 60 hadi 80 za ligi kwa msimu, zilizobaki zilikuwa ziara, dhidi ya timu za miji, viwanda na wachezaji wa mchanganyiko. Mshahara ulitoka kwenye ziara. Kanuni ya watafiti ni kuhesabu mechi ya ligi pekee, tena yenye jedwali la matokeo lililochapishwa gazetini. Jedwali likikosekana, homurani imepotea hata kama watu elfu kumi waliiona. Na mechi zake nyingi za nyumbani na Homestead Grays zilichezwa Griffith Stadium, Washington, ambako ukuta wa kushoto ulisimama zaidi ya mita 120. Alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla ya Robinson kuingia. Anayesema "lete ushahidi wa 800" anadai karatasi ambazo waliomfungia mlango ndio waliokuwa na uwezo wa kuzitunza.

Kona ya Tatu
Dada, hapo sina ubishi. Ila mnaona basi kwa nini wengine tunabaki na Aaron. Hakuwahi kufikisha 50 kwa msimu, kilele chake kilikuwa 47 mwaka 1971, lakini alipiga 20 au zaidi misimu 20 mfululizo. Ondoa homurani zake zote 755, bado anabaki na mipigo halali 3,016. Ile ya 715 iliyompita Ruth, 8 Aprili 1974 mbele ya mrushaji Al Downing, aliipiga akiwa ameshapokea barua za kutishia kumuua kwa sababu ya rangi yake.

Bi Hesabu
Mkuu, Atlanta ulikuwa uwanja wa juu, zaidi ya mita 300 kutoka usawa wa bahari, na wapigaji waliupenda. Wakati wake vidonge vya kuchangamsha vilisambaa vyumba vya kubadilishia nguo, na MLB haikuanza kuvipima mpaka 2006. Sisemi yeye, nasema enzi. Ukifungua mlango wa usafi, ufungue kwa wote.

Mleta mada
Sasa tupeni njia ya kulinganisha, si lawama.

Bi Hesabu
Njia rahisi: chukua homurani za mchezaji kwa msimu, gawanya kwa zamu zake zote, pamoja na besi za bure. Fanya hivyo hivyo kwa ligi nzima bila yeye. Gawanya la kwanza kwa la pili. Rudia kila msimu, kisha jumlisha kwa uzito wa zamu.

Mtego upo kwa Ruth. Mwaka 1920 alipiga 54 kati ya 369 za ligi yake (MLB ina ligi mbili ndani yake), asilimia 14.6. Mwaka 1927 alipiga 60, timu nzima ya Athletics ikapiga 56. Bonds 2001 alipiga 73 kati ya 2,952 za ligi yake, asilimia 2.5. Lakini 1920 wengi walikuwa bado wanagusa mpira kwa kuviziavizia, na ligi ilikuwa na timu 8 dhidi ya 16 za 2001. Uwiano utamfanya Ruth aonekane jini. Kwa hiyo mlinganishe na kumi bora wa ligi, si wastani wa wote.

Mzee wa Uzio
Na ukijaza jedwali hilo, mpira wenyewe uupe safu yake. Denver, mita 1,600 juu, walianza 2002 kuhifadhi mipira kwenye kabati la unyevu kwa sababu mpira mkavu hudunda zaidi, na homurani zikashuka. Mwaka 2019 MLB nzima ilipiga 6,776, rekodi, na wataalamu waliopewa kazi na ligi wakakuta mishono iliyolala kidogo ilikuwa sehemu ya sababu, kwa kuwa hewa haikuushika mpira vilivyo. Bila safu hiyo, Bi Hesabu, utakuwa unapima viwanda vya mipira.