Kontrola ya nyumba inaganda hovyo, na kampuni jibu lao ni moja tu: riseti. Inatosha sasa

Wakuu, nafungua huu uzi nikiwa na hasira na sitazificha. Naongelea hizi kontrola za nyumba, kale kaboksi kanakoongea na balbu, swichi, vihisi na vitasa vya milango, wengine mnaita habu. Yangu inaganda. Sijasema inazima, ingekuwa inazima ningeelewa. Taa yake ya mbele inawaka kijani kama kawaida, programu kwenye simu inafunguka, vifaa vyote vinaonekana vipo, sasa bonyeza taa ya sebuleni uone, kile kiduara kinazunguka weee mwisho kinakuandikia kifaa hakijibu. Bonyeza swichi nyingine, hivyo hivyo. Nenda kwenye kitasa, hivyo hivyo.

Na balbu siyo shida kubwa, nitanyanyuka niwashe ukutani. Kinachoniuma ni kihisi cha maji na kile cha moshi. Kontrola imeshaacha kuvisikia tangu jana lakini kwenye simu bado panasomeka "salama" kwa rangi ya kijani. Huo ni uongo jamani, na ni uongo wa hatari, maana mtu analala akijua analindwa kumbe hakuna kitu kinachosikiliza. Kama hujapata taarifa ya kihisi kwa masaa kumi na kitu, andika hujapata taarifa! Usiniandikie salama.

Sasa njoo kwa huduma kwa wateja. Ukiwaandikia mara ya kwanza wanakwambia zima uwashe. Umeshafanya, wanakwambia fanya tena. Ikiganda tena wanakwambia fanya riseti ya kiwandani, yaani ulirudishe boksi tupu kama lilivyotoka kiwandani, na wanalitamka hilo neno kirahisi utadhani ni kufuta vumbi. Hivi wanajua riseti ya kiwandani kwenye mtandao wa Zigbee, ile njia ya redio ambayo kontrola inaongea nayo na vifaa, maana yake nini? Kontrola inafuta namba ya mtandao wake na ule ufunguo wa siri ambao vifaa vyote vinautumia, inaanzisha mtandao mpya kabisa, kwahiyo kila balbu, kila swichi, kila kihisi inabidi ukiunganishe upya kimoja kimoja kwa mkono. Zile swichi zilizofungwa ndani ya ukuta, unafungua. Balbu ya juu ya ngazi, unapanda. Halafu ratiba zako zote ulizopanga zimekwenda, na kibaya kuliko vyote, logi, zile kumbukumbu za kila kilichotokea ndani ya boksi, zimefutika, yaani ushahidi wa nini kiliiua umeufuta wewe mwenyewe kwa maelekezo yao. Wiki inayofuata inaganda tena na hakuna anayeweza kukwambia kwanini.

Mimi nilikataa kuriseti, nikaamua kuitafuta shida mwenyewe.

Kitu cha kwanza, ikiganda usikimbilie kuchomoa umeme. Niliipingi, yaani niliitumia ujumbe mfupi wa kuuliza kama ipo, kwenye ile anwani yake ya IP ya ndani, inajibu vizuri tu. Nikafungua ukurasa wake kwa kivinjari, unafunguka. Maana yake rauta haina kosa, kebo haina kosa, na ile kompyuta ndogo iliyomo ndani iko hai. Humo ndani kuna vitu viwili wakuu, kuna kompyuta na kuna chipu ya redio ambayo ndo inaongea na vifaa, na hizo mbili zinapitishiana ujumbe. Kilichokufa ni redio. Ndo maana taa ya kijani inawaka, ile taa inaangalia kompyuta tu, redio haiulizi hata siku moja.

Na ndo maana ukiizima na kuiwasha kupitia menyu haisaidii, ila ukichomoa waya wa umeme inapona. Menyu inaiwasha upya programu, chipu ya redio inaendelea kupata umeme na inabaki palepale ilipokwama. Hii tofauti peke yake ingetosha fundi wao ajue shida iko wapi. Nimewaandikia kwa maelezo kamili, nikajibiwa na maandishi yaleyale ya kunakili: tafadhali jaribu riseti.

Kabla ya kuchomoa waya nikanakili logi (huo ukurasa wa ndani una sehemu ya logi, imefichwa sana ila ipo). Mle ndani kuna ujumbe unatumwa, haujibiwi, unarudiwa, unarudiwa, foleni inajaa, mwisho redio inaacha kujibu kabisa. Nikaangalia muda unaoanza huo ujinga, karibu kila mara ni wakati kamera zinarekodi kwenye diski. Na diski iko wapi? Imechomekwa kwenye tundu la USB 3 lililopo mgongoni mwa hiyohiyo kontrola, kama kitabu chao kinavyoelekeza, na picha wamechora.

Sasa sikilizeni hapa. Intel, wale watengeneza chipu, walitoa karatasi mwaka 2012 inayoeleza wazi kwamba USB 3.0 inapopitisha data inatoa kelele ya redio inayoangukia kwenye masafa ya 2.4 GHz. Zigbee inafanya kazi humohumo kwenye 2.4 GHz, tena kwa nguvu ndogo sana kwasababu vihisi vingi vinatumia betri ya kidonge. Ni sawa na kumwambia mtu anong'one pembeni ya jenereta. Hii siyo siri, kila anayeunda vifaa vya redio anapaswa kuijua, na hawa watu wameweka tundu la USB 3 karibu kabisa na antena ya redio halafu wakaandika kwenye boksi kwamba unaweza kurekodi kamera zako hapo!

Nikaihamisha diski mbali kwa kebo ndefu yenye kinga, ikatulia. Nikairudisha mgongoni makusudi, ikaanza kuganda tena. Nikaihamisha, ikatulia. Sasa mnataka ushahidi gani mwingine?

Najua kuna watakaosema ni waifai. Inawezekana kwako ikawa waifai, sikatai, na inafaa kuangalia. Zigbee ina chaneli 11 mpaka 26, waifai ya 2.4 ikiwa kwenye chaneli 1, 6 na 11 inabakiza nafasi kwenye 15, 20, 25 na 26, ingawa 26 vifaa vingine haviipendi. Rauta ikiwa imewekwa ijichagulie chaneli yenyewe inaweza kuhamia juu ya Zigbee yako usiku usijue, kwahiyo ifunge kwenye chaneli moja na upana wa 20 MHz. Mimi hilo lilishafungwa zamani. Pia balbu za Zigbee zinapitishia ujumbe vifaa vingine, ukizikata umeme ukutani umekata njia, vihisi vilivyokuwa vinapitia kwake vinapotea. Ila hapo vinapotea baadhi, haigandi kontrola nzima.

Ninachotaka kwa hizi kampuni siyo makubwa. Redio isipojibu kwa dakika moja, boksi lenyewe liikate umeme hiyo chipu na kuiwasha, ni kitu kinachowezekana kabisa kikifikiriwa toka mwanzo. Taa ya mbele ionyeshe hali ya redio. Tupewe nakala ya akiba ya mtandao wenyewe pamoja na ufunguo wake, wale wa Zigbee2MQTT programu yao ya kuendesha vifaa vya Zigbee ni ya bure na inahifadhi hiyo nakala yenyewe, iweje sisi tuliolipia tuikose? Na logi ziwe wazi kwa mwenye boksi. Tumeshaona mambo haya yanaishia wapi ukiwa huna chochote mkononi, kampuni ya Nest waliizima Revolv, kontrola ya nyumba kama hizi zetu, tarehe 15 Mei 2016 maboksi ya watu yakawa takataka, Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba, zikakatika bila taarifa, waliobaki na nyumba zinazofanya kazi ni wale waliokuwa wanaziendesha humohumo ndani kwa programu kama Home Assistant, isiyotegemea seva za kampuni.

Kwahiyo wadau, kama yako inaganda, USIRISETI kwanza. Weka hapa: ikiganda, pingi inajibu au haijibu? Kuwasha upya kwa menyu kunasaidia au mpaka uchomoe waya? Kuna nini kwenye tundu la USB, na kiko umbali gani na boksi? Logi inaandika nini dakika chache kabla? Tukiwa wengi wenye dalili moja hawataweza kutujibu kila mtu kivyake na yale maandishi ya kunakili. Tiketi yangu ya malalamiko bado iko wazi kwao, nimewawekea logi zote na majaribio yote ya diski, jibu lolote watakalotoa nitalibandika hapahapa neno kwa neno.