Kikundi cha familia: Nafula na kazi ya uajiri

*Mama Nafula:* Habari za jioni nyote. Senge wa Nakuru, wewe ndiye shangazi yake, tafadhali zungumza na huyu Nafula wako. Tangu amalize Chuo Kikuu cha Maseno amesambaza barua za kazi Kisumu yote. Leo ameona nafasi ya afisa wa uajiri huko kwenu Nakuru, kwa wakala anayewatafutia waajiri wafanyakazi, na hataki kuomba eti kwa sababu alisomea sosholojia.

*Nafula:* Mulembe Senge. Si kwamba sitaki. Wameandika "shahada yoyote", nikaingiwa na wasiwasi. Ni kazi gani haijali ulichosomea?

*Senge Nakuru:* Mulembe mwanangu. Ondoa wasiwasi. Mimi nilisomea kilimo Egerton na huu ni mwaka wa 9 niko kwenye kazi hii. Mwenzangu wa meza ya pili alisomea kemia. Kazi yenyewe unafundishwa ukishaingia. Wanachotafuta ni mtu anayeweza kuongea na dereva wa lori saa mbili asubuhi na mhasibu mkuu saa tatu, na wote wawili wamwamini.

*Wafula:* Senge, kwa heshima, mimi hawa mawakala siwaamini. Mwaka juzi nilitoa 3,000 "za kufungua faili". Siku ya pili simu imezimwa, ofisi imefungwa.

*Senge Nakuru:* Pole sana Wafula, hukuwahi kuniambia. Huyo alikuwa mwizi. Wakala wa kweli husajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na unaweza kumtafuta mwenyewe kwenye mfumo wao wa NEAIMS kabla hujatoka nyumbani. Ofisi yetu hulipwa na mwajiri, asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa yule aliyeajiriwa. Mtafuta kazi hatoi hata shilingi. Na mtu akiondoka kabla ya muda tuliokubaliana na mwajiri, tunamtafutia mwingine bure. Kwa hivyo kumsukuma mtu mahali pasipomfaa ni hasara kwetu sisi wenyewe.

*Mama Nafula:* Na mshahara je? HELB waliomkopesha ada ya chuo nao hawatamngoja milele.

*Senge Nakuru:* Mwanzo ni mdogo, sitamdanganya. Kuna mshahara wa msingi, halafu kamisheni ukifaulu kumweka mtu kazini. Miezi ya kwanza unaweza kushinda kwenye simu wiki nzima na usimweke hata mmoja, na lengo lako la mwezi limeandikwa ubaoni kila mtu analiona. Kinachouma zaidi ni hiki: mtu amepita intavyu zote, barua ya ajira iko tayari, Ijumaa jioni anakupigia kwamba mwajiri wake amemwongezea mshahara, ameamua kubaki. Wiki 6 zimepotea hivyo. Mara ya kwanza nililia.

*Nafula:* Sasa mbona ulibaki Senge?

*Senge Nakuru:* Ngoja nitoe chungu jikoni.

*Senge Nakuru:* Haya. Shamba moja la maua kule Naivasha lilitaka msimamizi wa pakihausi, pale maua yanapopangwa kwa urefu na kufungwa kabla ya kuingia chumba baridi. Sivii za waombaji zilijaa. Moja ilikuwa ukurasa mmoja uliochapwa saiba, na kwenye ujuzi ameandika tu "kibarua, shamba la maua, miaka 8". Mtu mwenye haraka angeiweka kando. Nikapiga simu, mteja hapatikani. Nikapiga namba ya pili, ikashikwa na jirani yake, akatembea nayo mpaka mlangoni kwa huyo mama huku mimi nasikia kuku. Nikamuuliza, siku msimamizi hayupo nani huhesabu ndoo? "Ni mimi." Nani huamua shina hili ni la sentimita 50 na hili ni la 60? "Ni mimi, na wale wapya mimi ndiye huwaonyesha." Huyo alikuwa anasimamia watu bila cheo, na hakuna aliyewahi kuliandika. Tulikaa kwenye simu dakika 40 tukaandika sivii upya. Kazi aliipata.

*Senge Nakuru:* Watu wetu wamelelewa kwamba kujisifu ni aibu. Mtu anajua kazi hadi kwenye mifupa, ukimwambia "jieleze" anaangalia chini. Lazima awepo wa kumuuliza vizuri. Ndiyo maana sosholojia yako naiona mtaji. Si mlifundishwa kumhoji mtu bila kumtilia maneno mdomoni?

*Nafula:* Tulifundishwa. Utafiti wangu wa mwaka wa 4 nilihoji wauza samaki Dunga.

*Senge Nakuru:* Umeona! Na kuna upande wa kusimama imara. Mwajiri mmoja aliniambia nisimletee mwanamke mwenye mimba. Nilimwambia Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kabisa, nikampelekea orodha yote kama ilivyo. Moyo ulikuwa unanidunda, lakini nilipeleka.

*Wafula:* Hapo nimekuelewa Senge.

*Senge Nakuru:* Nilipomaliza chuo nilifanya intavyu 3 kwa ofisi moja, wakasema "tutakupigia". Nilikuwa nikienda kuoga naweka simu dirishani. Wiki 5. Hawakupiga, hata kuniambia nimekosa. Mpaka leo kila niliyemwita kwa intavyu nampigia mwenyewe, aliyepata na aliyekosa, na aliyekosa namweleza alipungukiwa wapi. Ukija kwenye hii kazi Nafula, hilo ndilo nitakaloulizia kwanza. Mambo ya kupanda, mitihani ya CHRP ya wataalamu wa rasilimali watu na kusajiliwa IHRM, taasisi yao, utayakuta mbele.

*Kuka:* Mtoto aombe.

*Senge Nakuru:* Asante Baba. Nafula, nina jaribio. Mpigie Kuka, babu yako, sasa hivi. Una dakika 10. Uliza alifanya nini kule kiwanda cha sukari, halafu uniandikie hapa kama unayempeleka kwa mwajiri.

*Mama Nafula:* Si sote tunajua, alikuwa wa boila.

*Senge Nakuru:* Ngoja tu.

*Nafula:* Nimerudi. Imekuwa dakika 25, samahani.

*Nafula:* "Mhudumu wa boila, miaka 22, zamu ya usiku miaka 13. Alikuwa akisikia vali imeanza kuvuja kabla kipimo hakijaonyesha. Amefundisha vijana 14 kazi ya boila, 4 kati yao walikuja kuwa wasimamizi wa zamu."

*Mama Nafula:* Vijana 14? Baba hajawahi kusema hilo katika nyumba hii.

*Senge Nakuru:* Mimi ni mwanawe na ndiyo nasikia leo. Nafula, nani alikwambia uulize kuhusu hao vijana?

*Nafula:* Hakuna. Nilipotaja zamu ya usiku alinyamaza kidogo. Nikamuuliza alikuwa na nani usiku huo wote. Akaanza kuwataja kwa majina.

*Senge Nakuru:* Nitumie sivii yako usiku huu, tuiangalie pamoja kabla ya kuomba.

*Kuka:* Nafula rekebisha. Ni 15. Nilimsahau yule wa Malakisi.