Tupeane uzoefu: kupiga video kwa lenzi za zumu za picha mnato

Wadau, habari zenu. Naomba uzi huu tuutumie kukusanya uzoefu wa wale wanaopiga video kwa lenzi za zumu (zinazovuta picha karibu au kuipanua) zilizotengenezwa kwa ajili ya picha mnato. Tangu mwaka 2008, Nikon D90 na Canon 5D Mark II zilipotoka zikiwa na uwezo wa kurekodi video, wengi wamekuwa wakifanya kazi za video kwa lenzi ambazo hazikukusudiwa kazi hiyo. Naanza mimi.

Linalonisumbua zaidi ni fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali, kuhama ninapozumu. Zumu za sinema huundwa ili fokasi ibaki palepale hata ukisogea kutoka picha pana hadi uso wa mtu, ilhali nyingi za picha mnato hazina sifa hiyo, kwa kuwa mpiga picha huzumu, hulenga upya, ndipo hubonyeza, na hakuna anayeona kilichotokea katikati. Kwenye video kila kitu huonekana. Katika mahojiano, nikitoka 24mm (picha pana) kwenda 70mm (picha ya karibu) huku kamera inarekodi, macho ya msemaji hufifia na badala yake mshono wa kola ndio unaokuwa mkali. Kwa hiyo mimi huzumu kati ya jibu na jibu, nikakuza picha kwenye kioo cha kamera, nikalenga jicho upya, ndipo namruhusu aendelee. Naichukulia zumu kama lenzi kadhaa zilizowekwa ndani ya mwili mmoja, na nikiitumia hivyo sioni sababu ya kuidharau.

Mchangiaji wa pili

Nakuunga mkono, mkuu, ila kwangu tatizo kubwa ni mwanga. Lenzi ya f/3.5-5.6 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi; ikikua, tundu hupungua) hupoteza zaidi ya stopu moja ya mwanga, yaani zaidi ya nusu yake, unapofika mwisho wa zumu, na katika video utaona picha ikiingia giza kwa hatua hatua. Dawa yake ni kuweka f/5.6 tangu mwanzo, maana hapo tundu la lenzi halibadiliki tena popote utakapozumu. Gharama yake ni kuhitaji mwanga wa kutosha. Lenzi za f/2.8 au f/4 zisizobadilika hukuondolea adha hiyo.

Jambo jingine ni filta ya kupunguza mwanga. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu) huwa 1/50 ya sekunde na mwanga mwingi huingia, hivyo juani huwezi kuikwepa filta hiyo. Wenye lenzi za zamani wachunguze kama kioo cha mbele kinazunguka wakati wa kulenga, kwa sababu filta ya kuzungusha, ile ambayo kuizungusha hubadili kiasi cha mwanga, itazunguka nacho, na mwanga utabadilika kila mnapogusa fokasi.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu, mimi nimerudi kwenye zumu za zamani zenye fokasi ya kuzungusha kwa mkono, na sijutii. Lenzi nyingi za kisasa huendesha fokasi kwa umeme: ukizungusha ringi haraka inasogea sana, ukizungusha taratibu inasogea kidogo, kwa hiyo alama uliyoiweka kwa kipande cha tepu haina maana tena. Nikon yangu ya 80-200mm f/4.5 ina mwanzo na mwisho unaougusa kwa vidole. Naweka alama mbili, ya mtu wa karibu na ya mtu wa mbali, na mkono unajifunza safari hiyo hata bila kutazama. Ina ringi moja tu: unaizungusha kulenga na kuivuta kuzumu, kwa hiyo inahitaji mazoezi mengi kabla ya kwenda nayo kazini.

Mchangiaji wa nne

Niongeze kwa ufupi: angalieni pia fremu inavyopanuka au kubana fokasi inapohama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Kwenye picha mnato haina madhara, lakini kwenye video huonekana kama umezumu. Baadhi ya kamera za Sony hurekebisha kasoro hii kwa lenzi fulani, kwa kukata kingo za picha kidogo.

Mchangiaji wa tano

Nami natumia gimbo, kishikio chenye mota kinachotuliza kamera. Lenzi inayorefuka inapozumu huharibu mizani niliyoiweka, na mota zinaanza kuhangaika. Ndiyo maana naipenda Sigma 18-35mm f/1.8 ya mwaka 2013, ambayo hairefuki. Naomba kuuliza: mtu akitaka kununua lenzi iliyotumika, aipimeje?

Mwanzisha uzi

Ndugu, ifunge kwenye stendi, ulenge maandishi madogo ukiwa mwisho wa zumu, kisha rekodi ukirudi taratibu hadi upana wote. Baada ya hapo rekodi ukihamisha fokasi kutoka karibu kwenda mbali, tundu likiwa wazi kabisa. Washa fokasi ya otomatiki mahali pa kimya na usikilize sauti iliyorekodiwa, maana maikrofoni ya kamera hunasa mlio wa mota ambao sikio lako halikuusikia. Itazame video hiyo kwenye skrini kubwa kabla ya kutoa pesa.