Kila kichwa elfu 60, kumbe alimaanisha KICHWA! Huyu mtu wa safari za wikendi aogopwe kama ukoma

Wakuu, nimeshuka Mwenge sasa hivi, hata mchanga viatuni sijakung'uta. Naandika na njaa.

Jina simtaji, mnamjua. Yule wa kofia ya ukindu, anayerusha picha za watu wanaruka ufukweni kila Alhamisi na "zimebaki nafasi mbili tu". Hizo nafasi mbili zimebaki tangu mwaka juzi.

Jumatano kanipigia: kaka, Bagamoyo, kwenda na kurudi, usafiri, viingilio na samaki wa kuchoma, kila kichwa elfu 60. Nikatoa laki na 20, mimi na shemeji yenu. Nikasema kilometa kama 70 tu, jirani hapo, tukapunge upepo.

Kuondoka saa 12 asubuhi. Tumeondoka saa 4, anasubiri spika. SPIKA! Coaster tumejazana kama dagaa kwenye tenga, mimi nimepewa kile kiti cha kukunja cha katikati. Kuanzia Tegeta hadi Mapinga kila mwenye mkojo akitaka kupita nasimama kama mlinzi wa geti. Nikavumilia.

Kaole tumefika, magofu ya msikiti wa karne ya 13, mtu unataka utulie usikilize. Yeye anapiga filimbi: dakika kumi, picha, twende! Nilipata muda wa kuuzunguka ule mbuyu tu, wanasema ukiuzunguka unaongezewa umri. Nadhani ndio maana bado nipo hai.

Sasa saa 9 alasiri ndio chakula kinakuja. Watu wanapewa vipande vya nguru vimenona, vinatoa moshi. Shemeji yenu kapewa mnofu kama tofali. Zamu yangu, jamaa ananiletea sahani mwenyewe, kaifunika na sahani nyingine, anatabasamu. Nafunua.

Kichwa.

Kichwa cha changu, wakuu. Peke yake. Mdomo wazi, jicho moja linaniangalia kama linanidai. Pembeni chipsi nane, nimezihesabu. Nikamuuliza kwa adabu, kaka, mwili uko wapi? Akachukua kipaza sauti (lile spika letu la saa nne!) akasema: "Bosi wetu hapa anauliza mwili, mwambieni mwili umetangulia Dar." Coaster nzima ikaangua kicheko. Shemeji yenu naye kacheka.

Livingstone mwaka 1874 alifikishwa Bagamoyo akiwa maiti, kabebwa kwa miguu kutoka Zambia huko, akapokewa kwa heshima. Mimi nimefika mzima, nimelipa, napewa kichwa. Wenyewe wanasema bwaga moyo, mimi nimebwagiwa kichwa!

Njia nzima ya kurudi naitwa Kichwa. "Kichwa sogea." "Kichwa shika huu mfuko." Tumefika Bunju akahesabu abiria: "Vichwa 36... na Kichwa." Hata konda aliyekuwa amelala kaamka acheke. Nimefungua grupu la WhatsApp sasa hivi, kuna picha yangu na ile sahani, moyo 41.

Elfu 60. Kichwa. Jicho moja.

Nifanyeje?

Kibuyu Kikavu
Siti ya mbele nimeshakaa.

Mzee wa Busati
Weka picha. Bila picha hii ni chai.

Bint Mrima
Kaka samahani, kwetu Pangani kichwa anapewa mgeni wa heshima. Wewe umekula utamu wote hujui, unakuja kulia huku.

mleta mada
Dada heshima gani inatangazwa kwenye kipaza sauti?

Kataa Foleni
Tuache samaki kwanza. Shemeji kapewa mnofu kama tofali na wewe kichwa, sahani imeletwa na mtu yuleyule? Mkuu soma uzi wako taratibu.

Kibuyu Kikavu
😂😂 Anaulizia mwili wa changu, mwenzake anaulizia mwingine.

mleta mada
Msiniletee hayo. Shemeji yenu anajiheshimu.

Kataa Foleni
Kwa nini alicheka?

Fundi Saa
Livingstone moyo wake ulizikwa huko Zambia, wewe umebaki na kichwa. Mkiunganishwa tunapata nusu mtu.

Sina Mbavu
Afadhali wewe umekula. Mimi yuleyule wa kofia kanipeleka Mbudya mwezi uliopita, boti ya kurudi kasema saa 10. Imekuja saa 1 usiku, tumekaa ufukweni tunaimba mapambio na hatujuani. Kuna mtu alianza kugawa urithi.

Mama Ntilie wa Mtandaoni
Wa Morogoro tupo? Tuliahidiwa maporomoko ya Uluguru, tukaishia kula ndizi nyama Msamvu tunaambiwa "milima ile paleee, piga picha".

Njugu Karanga
Huku Nairobi hali ni hiyohiyo. Ngong kuna vilima saba, kiongozi wetu alichoka cha pili. Tukamsukuma sisi na bado akatuomba pesa ya maji.

Mzee wa Busati
Picha bado.

Sina Mbavu
Njugu, Ngong inafaa kwa watoto? Nakuja Desemba.

Njugu Karanga
Inafaa, ila kule juu upepo mkali, wabebee masweta. Na nenda asubuhi.

mleta mada
Wakuu turudi kwenye mada basi. Nimdai yote au nusu?

Bint Mrima
Mdai kiwiliwili. Ila kaka siku nyingine usichome kichwa, kipike. Kitie ndimu na chumvi, nyanya, bilinganya, kiive polepole.

Mama Ntilie wa Mtandaoni
Na nazi je dada?

Bint Mrima
Tui jepesi ndio linaivishia. Lile zito mwisho kabisa, na usiache kukoroga, litakatika.

Kataa Foleni
Bamia zinaingia?

Bint Mrima
Weka, ila usizikate.

Fundi Saa
Feri changu wanauzaje siku hizi?