Tupeane uzoefu: satini mnaifuaje kwa maji haya ya Dodoma?

Wadau habari zenu. Msimu wa harusi ndio huu, sare za satini kila ukumbi, na inauma kuona gauni la gharama limefubaa baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Kwanza tuelewane: satini ni namna ya kufuma, siyo aina ya uzi. Uzi unapita juu ya nyuzi nne au zaidi ndipo uzame chini ya mmoja, ndiyo maana upande wa juu unang'aa na kuteleza. Uzi wenyewe unaweza kuwa hariri, nailoni au poliesta, na za bei ya kawaida karibu zote ni poliesta. Mimi nachoma nyuzi chache za ukingoni: zikiyeyuka na kuganda tone gumu, poliesta au nailoni, zikinuka nywele zilizoungua na majivu yakasagika, hariri. Nanyi mnafanyaje?

Mama wa Kizota: Maji ya kisima kwetu yana chumvi, povu halitoki, ukizidisha sabuni inabaki utando mweupe kwenye nguo. Mvua zikinyesha nakinga maji ya bati, nayatunza kwa nguo hizi tu. Kiangazi naweka siki kidogo kwenye maji ya suuza ya mwisho. Gauni langu la sendofu linang'aa mpaka leo.

Fundi, Majengo: Asante dada. Naomba wateja wangu msikamue satini, iviringisheni kwenye taulo ikauke maji. Zile nyuzi ndefu za juu zinanasa kirahisi, iwe pete, kucha au miiba ya ua. Uzi ukivutika usiukate! Uurudishe upande wa ndani kwa sindano. Na wenye pasi ya mkaa, geuzeni nguo, tandikeni kanga juu, jaribuni kwanza kwenye pindo. Poliesta ikiyeyuka haina dawa.

Mdau wa Chamwino: Kwetu shida ni vumbi na upepo. Hewa ikikauka, poliesta inapata umeme tuli, inavuta vumbi na kung'ang'ania miguuni. Binti yangu anavaa gaguro la pamba ndani, inatulia. Kuanika ni kivulini, jua letu linapausha rangi.

Mama wa Kizota: Na doa la mafuta ya pilau jamani?

Fundi, Majengo: Usikimbilie maji. Nyunyizia poda ya mtoto, iache usiku kucha inyonye mafuta, asubuhi ipanguse taratibu, ndipo ufue.