Unguja–Pemba "dakika 30"? Nimefika ami yangu keshazikwa

Jamani, siku tatu najizuia nisiandike na hasira. Nimeshindwa.

Alhamisi asubuhi napigiwa simu: ami kafariki Wete, anazikwa baada ya adhuhuri. Boti ya asubuhi nishaikosa, na ya usiku mie sipandi tangu Spice Islander izame Nungwi Septemba 2011. Nikakata tiketi ya ndege ya saa 3:30. Imeandikwa Unguja–Pemba, dakika 30. Nikapiga hesabu: saa 4 niko Chake, saa 5 Wete, nawahi hata kumuosha.

Kaunta nikapimwa mie, ukapimwa na mkoba, mwisho kilo 15. Sina neno hapo, Caravan ni ndege ndogo ya injini moja na abiria kumi na kitu, lazima uzani ujulikane. Lakini saa 3:30 ikapita. Saa 4 ikapita. Ukiuliza unajibiwa "inakuja". Kutoka wapi? "Inakuja." Tumeruka saa 5:40!

Sasa sikilizeni. Njia ya Pemba naijua, ncha ya Nungwi unaiacha kushoto. Siku hiyo natazama nje nakiona kisiwa cha Tumbatu kiko KULIA, yaani tuko magharibi ya Unguja, siyo njia ya Pemba. Namuuliza jirani, ananishangaa: "Si tunapitia Tanga, hukuambiwa?" Nani aniambie? Tiketi ninayo mpaka leo, neno Tanga halimo.

Kutoka uwanja wa Unguja hadi wa Chake ni kama kilomita 125. (Najua kuna mtu atanibishia kuwa visiwa vimeachana 50 tu. Ndiyo, bahari ni kama 50, ila ndege hairuki kutoka Nungwi, na Chake iko katikati ya Pemba.) Caravan inakwenda kilomita 300 na ushei kwa saa, kwa hiyo dakika 25 zinatosha, 30 ukihesabu kupanda na kushuka. Kupitia Tanga ni 125 nyingine mpaka huko, halafu 80 na kitu kuvuka mkondo. Zaidi ya 200! Na Tanga tumekaa nusu saa nzima tukiungua na jua, kumsubiri abiria mmoja.

Chake tumetua saa 7 kasoro. Wete nimeingia saa 8 kasoro robo, nakutana na watu njiani wanarudi makaburini.

Nimewafuata ofisini kwao kudai. Kijana ananijibu bila hata kuinua uso: "Mzee, si umefika siku ile ile?" Nauli hairudishwi, kwa sababu "huduma imetolewa".

Sikatai wapitie Tanga, watu wa Tanga nao wana haki ya kusafiri. Lakini andikeni kwenye tiketi! Ningejua, ningempigia kaka wachelewe hadi alasiri, na wangenisubiri.

Kuna aliyewahi kurudishiwa nauli kwa jambo kama hili? Alianzia wapi?